Kupachika Saa ya Kiswahili katika Ukurasa wa Tovuti

Makusudi ya makala haya ni kueleza jinsi saa inavyopachikwa katika ukurasa wa tovuti, na jinsi inavyosanidiwa hata isomeke kwa Kiswahili sahihi. Kwa mtazamo wa kwanza jambo hili laonekana kuwa la fundi wa kompyuta, wala halimhusu mwanaisimu. Walakini mtu akilijaribu kwa ajili ya wasomaji wa mahali maalumu ataona upesi ya kuwa sehemu ya ufundi humalizika kwa muda mfupi, na ya kuwa saa nyingi zitakazobaki atazitumia katika kufikiri juu ya maneno asubuhi, mchana, jioni na usiku.

Mahali nilipopachagua kuwa mfano ni Mbulumbulu, kata ya Wilaya ya Karatu katika Mkoa wa Arusha, iliyo upande wa kaskazini-mashariki ya mji wa Karatu, kati ya msitu wa Ngorongoro na ukingo wa Bonde la Ufa. Wakazi wake wengi ni Wairaqw, wakulima wa ngano, mahindi na maharage. Kiswahili kwao ni lugha ya shule, ya zahanati, ya ofisi ya kata na ya soko. Barabara ya watalii waendao Ngorongoro haiko mbali nao. Kwa hiyo ukurasa wa tovuti utakaotengenezwa huko, uwe wa shule, wa zahanati au wa nyumba ya wageni, utakuwa na wasomaji wa namna mbili: mwenyeji ahesabuye saa tangu mapambazuko na machweo, na mgeni ahesabuye tangu usiku wa manane. Wote wawili watatazama saa ile ile, na kila mmoja ataamini ya kuwa imeandikwa kwa ajili yake.

Hasara ya kutoelewana si ya kubuni. Lango la Loduare, lililo njia ya kuingilia Ngorongoro kwa watokao Karatu, hufunguliwa saa 12 asubuhi na kufungwa saa 12 jioni. Mtu akiandika kwa kifupi "12:00 hadi 12:00" mwenyeji ataelewa barabara, na mgeni ataelewa ama adhuhuri mpaka usiku wa manane, ama hataelewa kitu. Huyo aweza kuuliza, na gharama yake ni fedha na siku moja ya matembezi. Lakini mfikirie mama asomaye katika ukurasa wa zahanati ya kuwa mganga wa zamu yupo mpaka "9:00 usiku". Akiisoma kwa Kiswahili atajua ya kuwa anao muda mpaka karibu na alfajiri, kwa kuwa saa tisa usiku ndiyo 03:00 ya kimataifa. Ikiwa aliyeandika alikusudia 21:00, mama huyo atafika mlangoni na mtoto mgonjwa akute kufuli.

Kwanza yafaa tueleze kitu chenyewe. Saa ya ukurasa wa tovuti ni programu ndogo, ambayo mafundi huiita wijeti; mimi nitaiita kijisaa. Yaweza kupachikwa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kunakili mistari michache ya msimbo kutoka tovuti nyingine itoayo saa bure, na kuibandika katika ukurasa wako. Mistari hiyo hufungua dirisha dogo ambalo ndani yake huonekana ukurasa wa hao wengine. Ni njia rahisi, lakini ina kasoro tatu. Mtandao ukiwa dhaifu, dirisha hubaki tupu. Pili, wenye tovuti ile wakibadili au wakiifunga, saa yako huharibika bila ya wewe kujua. Tatu, na hiyo ndiyo kubwa kwetu, maneno na hesabu yake ni vya kwao. Njia ya pili ni kuandika msimbo mfupi ndani ya ukurasa wako mwenyewe, nao usome saa ya kifaa cha msomaji na kuiandika kwa namna utakayo. Msimbo huo hautimizi hata mistari thelathini, na ukiisha kupakuliwa huendelea kufanya kazi hata mtandao ukikatika. Mimi naipendekeza njia hii ya pili bila ya kusita.

Kifaa cha msomaji hakihifadhi saa kama tuijuavyo sisi. Lugha ya programu iitwayo JavaScript, ambayo vivinjari vyote huielewa, hupata kutoka katika kifaa namba moja tu: idadi ya milisekunde zilizopita tangu mwanzo wa tarehe 1 Januari 1970 kwa saa ya ulimwengu, yaani UTC. Kwa Mbulumbulu dakika hiyo ilikuwa saa tisa ya usiku. Namba hiyo ni moja kwa watu wote duniani. Kuigeuza iwe saa ya mahali fulani, kwa lugha fulani na kwa hesabu fulani, ndiko kusanidi. Mambo ya kuamua basi ni matatu, nayo ni ukanda wa saa, lugha, na mzunguko wa hesabu. Watu wengi huyachanganya, na hasa huchanganya la kwanza na la tatu.

Ukanda wa saa hutajwa kwa jina la mji, kwa kufuata hifadhidata ya kanda za saa ambayo leo hutunzwa chini ya shirika la IANA. Jina la Tanzania humo ni Africa/Dar_es_Salaam, nalo yafaa liandikwe hivyo hivyo, mistari na herufi kubwa. Ndani ya hifadhidata jina hilo ni kiungo tu kielekeacho Africa/Nairobi, kwa sababu saa za Afrika Mashariki, zilizo mbele ya UTC kwa saa tatu, ni zile zile katika Tanzania, Kenya na Uganda. Asiyetaja ukanda wo wote kijisaa chake kitafuata kifaa cha msomaji. Hapo jamaa aliyeko Maskati, ambako saa ziko mbele yetu kwa saa moja, atasoma saa tatu wakati Mbulumbulu ni saa mbili. Na aliyeko Goma, ambako saa ziko nyuma yetu kwa saa moja, atasoma saa moja. Ikiwa ukurasa watangaza mambo ya Mbulumbulu, lazima ukanda utajwe.

Sasa msomaji asidhani ya kuwa ukanda na jua ni kitu kimoja. Saa za Afrika Mashariki zimepimwa kwa longitudo ya nyuzi 45 mashariki, na Mbulumbulu iko karibu na nyuzi 35 na robo tatu. Dunia huzunguka digrii moja kwa dakika nne. Kwa hiyo jua la Mbulumbulu hufika utosini, kwa wastani, dakika 37 baada ya saa sita mchana ya saa rasmi. Dar es Salaam hukawia dakika 23, na Kigoma yapata saa moja nzima. Ukiongeza mabadiliko ya mwaka, utaona ya kuwa jua la Mbulumbulu huchomoza kati ya saa 12 na robo asubuhi, mwanzoni mwa Novemba, na saa 1 kasorobo asubuhi, katika Februari na Julai. Nalo huchwa kati ya saa 12 na nusu na karibu saa 1 kamili. Hizo ni hesabu za upeo ulio wazi, bila ya kutia vilima na msitu. Wale wapendao kupamba kijisaa kwa picha ya jua na mwezi, vibadilishane kila saa kumi na mbili kamili, watakuwa wameonyesha jua mahali ambapo watoto wangali wanakwenda shule gizani. Nitairudia habari hii nitakapofika kwenye neno jioni.

Jambo la pili, lugha, huandikwa kwa alama: sw kwa Kiswahili, na sw-TZ kwa Kiswahili cha Tanzania, ziko pia sw-KE, sw-UG na sw-CD. Alama hiyo huiambia programu ichukue majina ya siku na miezi, na maneno ya nyakati za siku, kutoka katika hazina ya data za lugha iitwayo CLDR, itunzwayo na Unicode Consortium. Majina ya siku na ya miezi hayana matata. Hazina hiyo ina hata maneno alfajiri, asubuhi, mchana, jioni na usiku. Mtu aonapo maneno hayo yakitokea katika kioo hufurahi, akadhani kazi imekwisha.

Haijakwisha. Jambo la tatu, mzunguko wa hesabu, hutajwa katika msimbo kwa jina hourCycle, na thamani zake ni nne tu: h11, h12, h23 na h24. Mbili za kwanza huhesabu nusu ya siku, moja kuanzia 0 hata 11, nyingine 1 hata 12. Mbili za mwisho huhesabu siku nzima, 0 hata 23 au 1 hata 24. Zote nne huanza usiku wa manane. Hakuna hata moja ianzayo jua linapochomoza au linapokuchwa. Basi programu ikiambiwa itaje 08:00 kwa Kiswahili pamoja na neno la wakati, itatoa namba 8 na neno asubuhi, yaani neno la Mswahili na hesabu ya Mwingereza. Nasema ya kuwa huko si kutafsiri. Katika Kiswahili saa haitajwi kwa namba peke yake. Neno linaloandamana nayo ni sehemu ya hesabu, na viwili hivyo vyapatana au havipatani.

Hebu tutazame jinsi visivyopatana. Mchana kosa hujifichua lenyewe. "8:00 asubuhi" humfanya msomaji astuke, kwa kuwa hapana saa nane ya asubuhi; atakisia ya kuwa mwandishi amekusudia saa mbili. "4:00 jioni" kadhalika, maana saa nne ni ya asubuhi au ya usiku. Usiku ndiko kwenye hatari. Tangu saa saba mpaka saa kumi ya usiku kwa Kiswahili, kila tamko ni halali kwa hesabu zote mbili: "7:00 usiku", "8:00 usiku", "9:00 usiku", "10:00 usiku" zasomeka kwa Kiswahili kuwa saa za baada ya usiku wa manane, na kwa hesabu ya kimataifa kuwa saa za baada ya machweo. Hapana cho chote katika maandishi kitakachomwonya msomaji. Tofauti ni saa sita kamili. Programu iitayo kila kitu kilicho kabla ya adhuhuri asubuhi huongeza mtego mwingine, maana "5:00 asubuhi" yake ni alfajiri, na yetu ni karibu na adhuhuri.

Yafaa kukumbuka ya kuwa saa ya mviringo haikuwa na shida hii. Mwenyeji avaaye saa ya mkono huiona akrabu fupi imeelekea 8, akasoma namba iliyo mkabala wake, yaani 2, akasema saa mbili. Na mgeni akisimama karibu naye huisoma ile ile akasema nane. Uso mmoja huwatosha wote wawili, kwa sababu saa sita ni nusu kamili ya duara. Ndiyo maana kijisaa cha mviringo, chenye akrabu na kisicho na maneno, ni kimbilio jema kwa ukurasa wa nyumba ya wageni. Ni saa ya tarakimu iliyoleta fitina, kwa kuwa tarakimu husomwa kama ilivyoandikwa.

Wako waliojaribu kuondoa tofauti ya saa sita kwa hila: badala ya kubadili hesabu, hubadili ukanda. Huandika Asia/Tokyo, ulio mbele yetu kwa saa sita, au ukanda wa São Paulo, ulio nyuma yetu kwa saa sita, na namba hutoka kama wapendavyo. Hila hii huharibu tarehe, na namna inavyoiharibu yafaa kutazamwa. Kwa ukanda wa Tokyo tarehe hubadilika Mbulumbulu ikiwa saa 12 jioni. Alhamisi saa moja usiku huonekana kuwa Ijumaa saa moja. Mtu wa Pwani wa zamani angalikubali, maana kwake siku ilianza jua lilipokuchwa, na usiku wa Ijumaa ulikuwa ule utanguliao mchana wa Ijumaa. Hata leo tunasema usiku wa kuamkia Ijumaa ili tusikosane. Kwa ukanda wa São Paulo tarehe hungoja mpaka saa 12 asubuhi, kana kwamba siku ni mchana na usiku ufuatao. Hizi ni rai mbili za kale juu ya mwanzo wa siku, zimezuka ndani ya mashine bila ya kukusudiwa. Lakini kalenda ya serikali, ya shule na ya zahanati hubadilika saa sita usiku, na ukanda wa Mbulumbulu lazima ubaki kuwa wa Dar es Salaam.

Njia iliyo sawa ni hii. Pata kwanza saa ya kimataifa ya Mbulumbulu, kati ya 0 na 23, kwa kutumia ukanda wa kweli. Jumlisha 6, gawanya kwa 12, na ushike baki. Baki likiwa 0, andika 12. Kwa 7 utapata 13, baki 1: saa moja. Kwa 18 utapata 24, baki 0: saa kumi na mbili. Kwa 0 utapata 6: saa sita. Tarehe haiguswi kabisa. Waganda, ambao lugha yao ya Kiganda huhesabu kama yetu, na Waethiopia wasemao Kiamhari, wanaweza kutumia hesabu hiyo hiyo pasipo kubadili hata alama moja.

Dakika zina adabu yake. Kijisaa cha tarakimu chaweza kuandika saa 1:45, nacho hakitalaumiwa. Kijisaa cha maneno, ambacho mimi nakipenda zaidi kwa ukurasa wa shule, hakina budi kujua kasoro. Dakika zikipita 30, saa itajwayo ni ile inayokuja: 07:45 ni saa mbili kasorobo, na 07:50 ni saa mbili kasoro dakika kumi. Hapa huzuka swali ambalo vitabu vya sarufi havikulishughulikia: neno la wakati litafuata saa ipi? 11:45 ingali kabla ya adhuhuri, na programu itasema asubuhi. Lakini saa iliyotajwa ni saa sita, na saa sita ni ya mchana. Rai yangu ni kwamba neno hufuata saa iliyotajwa, si saa iliyopita. Tunasema saa sita kasorobo mchana. Saa sita kasorobo asubuhi hukwaruza sikio.

Limebaki lile la jioni. Saa 19:00 ni saa moja, lakini ni saa moja usiku au saa moja jioni? Yote mawili husemwa na watu wasiotiliwa shaka Kiswahili chao. Kwa mwandishi wa msimbo hapana "yote mawili". Lazima apige mstari. Hazina za lugha hupiga mstari mmoja kwa nchi nzima, ilhali jua halifanyi hivyo. Mbulumbulu katika Februari jua huchwa karibu na saa moja kamili, na mng'ao wake huendelea kidogo baadaye, basi saa moja jioni ni maneno ya kweli kwa macho. Dar es Salaam wakati huo jua limekwisha kuchwa robo saa iliyopita. Na alfajiri kadhalika: saa 12 na dakika tano, ambayo mtu wa Dar es Salaam huiita asubuhi, mkulima wa Mbulumbulu bado huiona giza, akaiita alfajiri. Mimi ningeliweka saa moja katika jioni na saa mbili katika usiku, na saa kumi na mbili katika asubuhi kwa kuwa ndivyo ofisi ziandikavyo. Mwingine aweza kuamua vingine, mradi aandike uamuzi wake mahali pamoja katika msimbo, upate kusahihishwa. Kamati ya Lugha ya 1930 ilipatanisha tahajia iliyokuwa na tofauti kubwa kuliko hizi. Orodha ya saa ishirini na nne, kila moja na neno lake, ingekuwa kazi ya alasiri moja kwa taasisi zetu, na watunzaji wa CLDR hupokea mapendekezo ya namna hiyo.

Kwa mgeni fanya hivi: chini ya saa ya Kiswahili weka saa ya kimataifa kwa tarakimu nne, 08:00 au 20:00, bila ya neno lo lote la Kiswahili kando yake. Vilevile ndani ya msimbo, katika alama iitwayo time, andika saa hiyo ya kimataifa ili mashine nyingine ziisome. Maneno ya Kiswahili ni ya macho ya mtu. Usijumlishe sekunde moja moja ili kuendesha saa, kwa kuwa kivinjari hupunguza mwendo wa ukurasa usiotazamwa, nayo saa huchelewa. Kila mara isomwe upya kutoka katika kifaa. Kwa kijisaa kisichoonyesha sekunde, kusoma mara chache kwa dakika kunatosha, na betri ya simu haitaliwa.

Kabla ya kutangaza ukurasa, badili saa ya kifaa chako kwa mkono na ukijaribu kijisaa kwa nyakati zile ambazo makosa hupenda kukaa. 00:00 itoe saa 6 usiku, na tarehe ya siku mpya. 03:00 itoe saa 9 usiku, na 21:00 saa 3 usiku. 06:00 itoe saa 12 asubuhi, si saa 0. 11:45 itoe saa 6 kasorobo mchana. 18:00 itoe saa 12 jioni, na tarehe isibadilike. Na 18:45, kwa mstari nilioupiga mimi, itoe saa 1 kasorobo jioni.